Somo la Vikundi: Ahadi ni Deni

Leo tusome juu ya ahadi za nchi tajiri.

Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa ulipitisha kwamba katika kila dola 100 za pato lake, nchi tajiri itoe senti 70 kusaidia maskini. Norway, Sweden na Denmark zimetimiza. Nyingi hazijatimiza. Ni kama mchango wa kikundi: wote wanapiga makofi siku ya kukubaliana, siku ya kutoa wengine hawaonekani.

Lakini hata pesa zikija, kazi haijaisha. Tutazame Bura, hapa kwetu. Mwaka 1977 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha Kenya kwa mradi ule, na wafadhili wengine wakajiunga. Mpango ulikuwa hekta 6,700. Zilizolimwa hazikufika nusu. Maji yalivutwa kwa pampu za dizeli, na pampu zikiharibika, pamba inakauka. Deni lenyewe halikauki. Basi tujue: msaada ni kitu kimoja, mkopo ni kingine. Mkopo hulipwa na sisi na watoto wetu.

Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili aliomba madeni ya nchi maskini yapunguzwe kwa Jubilei ya mwaka 2000. Uganda ilikuwa ya kwanza kupunguziwa katika mpango wa pamoja, mwaka 1998, na pesa zile zikawekwa katika mfuko wa kusaidia maskini.

Waganda walikuwa wameshaonja uchungu. Kati ya 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 za serikali za matumizi ya shule za msingi, ni kama 13 tu zilizofika shuleni. Ndipo serikali ikaagiza hesabu zichapishwe magazetini na kubandikwa shuleni. Wazazi wakasoma, wakauliza. Kufikia 2001 zilikuwa zinafika zaidi ya 80.

Ndugu zangu, ahadi ya mkubwa humfikia mdogo anayeuliza. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Msiogope kwenda kwa chifu au Hola.

Maswali ya kujadiliana:
1. Mradi ulio karibu nasi ni msaada au mkopo?
2. Ni pesa ngapi, na za kazi gani?
3. Hesabu imebandikwa wapi? Kama haipo, nani kati yetu ataenda kuiuliza, na lini?