DVD ya ughaibuni inapogoma kwenye kompyuta

Ndugu wa Muscat au London akituletea filamu huku Kizimbani na kompyuta ikaikataa, diski huenda ni nzima kabisa. DVD za filamu hugawiwa kanda za dunia, na draivu ya kompyuta huweza kukataa diski ya kanda isiyo yake. Tanzania iko kanda ya 5 pamoja na India. Oman na Uingereza ziko ya 2, Marekani na Kanada ya 1. Tazama nyuma ya kasha, namba imechapwa juu ya picha ndogo ya dunia. Ukikuta 0 au ALL, tafuta sababu kwengine, labda mkwaruzo.

Kompyuta ikikuuliza kama ubadilishe kanda, tafadhali usibonyeze OK kwa pupa! Draivu hukubali kubadilishwa mara 5 tu, na kanda ya mwisho ndiyo hubaki daima. Kupiga Windows upya hakusaidii, maana hesabu hiyo imo ndani ya draivu yenyewe. Kujua umebakiwa na ngapi, ingia Device Manager, bofya draivu ya DVD, kisha Properties na DVD Region.

Anza na VLC. Ni programu ya bure na mara nyingi hucheza bila kuuliza kanda, ingawa zipo draivu zinazokataa hata hapo. Nyumba inayopokea filamu za Oman kila mara inunue draivu ya nje ya USB, iwekwe kanda ya 2, ya ndani iachwe kwenye 5.

DVD ya harusi iliyochomwa nyumbani haina kanda. Ikigoma, mwambie aliyeichoma akamilishe kuifunga (finalize).