SOMO LA AFYA: Je, saa ya mkononi inaweza kukupima presha?

Ni asubuhi ya baridi mjini Elburgon. Mfanyakazi wa kiwanda cha mbao anatazama saa yake ya kisasa, nayo inamwonyesha presha ya 118/76. Anafurahi, na siku hiyo anaacha kumeza dawa alizoandikiwa kliniki. Huu ni mfano tu, lakini swali lake ni la wakazi wengi: je, namba hiyo ni ya kuaminika?

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Hapa Nakuru, utafiti wa 2007 na 2008 uliohusisha zaidi ya watu 4,000 wa miaka 50 kwenda juu ulipata karibu nusu yao wana tatizo hilo. Mara nyingi presha haina dalili yoyote, hadi ilete kiharusi au kuharibu moyo na figo.

Saa hupima vipi?

Mashine ya kliniki hubana mkono kwa mkanda unaojaa hewa, kisha hupima mtikisiko wa damu kwenye mshipa mkanda unapolegea. Saa nyingi hazibani chochote. Humulika ngozi kwa taa ndogo, husoma jinsi damu inavyopita kwa kila pigo la moyo, kisha programu yake hukadiria presha. Ndiyo maana baadhi huhitaji kulinganishwa na mashine ya mkanda kila baada ya wiki nne. Ukitembea, ukiilegeza au mikono ikiwa baridi, makadirio yanaweza kukosea.

Kwa nini tupime nje ya kliniki?

Presha hubadilika siku nzima: baridi, hasira, kazi nzito na hata mazungumzo huipandisha. Kuna wanaopanda presha mbele ya daktari tu, na kuna walio sawa kliniki lakini juu wakiwa nyumbani au kazini. Hawa wa pili wako hatarini bila kujua. Kwa sababu hiyo, daktari anaweza kumvalisha mgonjwa mashine ya mkanda kwa saa 24, inayopima kila baada ya dakika 15 hadi 30 mchana, na kuendelea usiku akiwa amelala. Kwa kawaida presha hushuka usiku. Isiposhuka, daktari anataka kujua.

Jinsi ya kupima nyumbani

1. Tumia mashine ya mkanda wa juu ya kiwiko, unaokutosha mkono.
2. Usinywe chai au kahawa wala kuvuta sigara kwa dakika 30 kabla. Nenda haja ndogo kwanza.
3. Keti dakika tano ukiegemea kiti, miguu chini, bila kuikunja. Weka mkono mezani, usawa wa moyo. Usizungumze.
4. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, asubuhi na jioni kwa siku saba. Andika kila namba.
5. Acha namba za siku ya kwanza, kisha tafuta wastani wa zilizobaki.

Kwa mfano, ukipata 148/92 na 142/88, wastani ni 145/90. Wastani wa wiki ukifika 135/85 au zaidi nyumbani, nenda kliniki na daftari lako. Kipimo cha kliniki huhesabiwa kuwa cha juu kuanzia 140/90.

Ukiona 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito, usingoje kipimo cha pili. Fika hospitalini mara moja.

Saa yako isitupwe: inaweza kukukumbusha kupima na kutembea. Siku ya kliniki, ivae ili muilinganishe na mashine. Lakini usiache wala usipunguze dawa kwa sababu ya namba ya saa.

Kama huna mashine, mwulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, kwa kuwa mkoba wao wa kazi una kifaa cha kupima presha, au fika katika kituo cha afya kilicho karibu.