Penya, Penyeza, Fyonza: Vitenzi vya Dawa ya Maumivu Ipakwayo Ngozini

Makala haya yanadhamiria kuchunguza vitenzi vinavyotumiwa kueleza jinsi dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, mathalani diklofenaki na ibuprofeni, zinavyopita kwenye ngozi. Suala hili si la wanasayansi pekee. Dawa hizi hupunguza utengenezaji wa prostaglandini zinazosababisha maumivu, lakini prostaglandini hizo hizo huukinga utando wa tumbo. Ndiyo maana vidonge huweza kuleta vidonda vya tumbo. Jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, ikitumiwa kwenye goti moja kwa kipimo kilichoagizwa, hufikisha kwenye damu takriban asilimia 6 tu ya kiasi kinachofikishwa na vidonge. Anayeipaka anahitaji maelezo yasiyompotosha.

Aghalabu husemwa kwamba ngozi "hufyonza" dawa. Kitenzi hiki kinaifanya ngozi kuwa mtendaji, kana kwamba inavuta kama mtoto anyonyaye. Uhalisi ni kinyume. Tabaka la juu kabisa, lenye unene wa takriban maikromita 10 hadi 20, ni la seli zilizokufa, zilizojaa keratini na kupangwa mithili ya matofali. Saruji yake ni mafuta: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Tabaka hili halivuti chochote. Kazi yake ni kuzuia. Dawa ndiyo inayosogea, kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Kwa hiyo "penya" ni sahihi zaidi, kwani dawa ndiyo kiima.

Hata hivyo, si kila kitu hupenya. Mwaka 2000, Bos na Meinardi walipendekeza kwamba molekuli inayozidi daltoni 500 hupata taabu kupita. Ibuprofeni ina takriban 206 na diklofenaki 296, hivyo ukubwa si kikwazo. Kikwazo ni ile saruji, na hapa ndipo kinapohitajika kitu cha tatu, kemikali inayoifungulia dawa njia. Baadhi ya wafasiri huenda wakaiita "kichocheo", lakini neno hilo katika kemia lina kazi nyingine, ya kuharakisha mmenyuko. Kiswahili kina kinyambuo cha usababishi kilicho tayari: penya, penyeza, na kutokana nacho, kipenyezi. Umbo hili linabainisha kwamba dawa hupenya ilhali kemikali hupenyeza.

Vipenyezi havifanyi kazi kwa namna moja. Asidi oleiki ina mkia uliopinda. Ukijipachika kati ya mafuta yaliyonyooka, huvuruga mpangilio wake. Propileni glaikoli huifanya dawa iyeyuke vyema zaidi ndani ya tabaka lenyewe. Dimethili salfoksaidi, iliyopata umaarufu kupitia Stanley Jacob huko Oregon, Marekani, katika miaka ya 1960, huathiri mafuta na keratini pia. Majaribio yake kwa binadamu yalisitishwa nchini humo mwaka 1965 kwa kuhofia macho, baada ya lenzi za wanyama kuonekana kubadilika. Hata hivyo, mwaka 2009 dawa ya maji ya diklofenaki yenye kemikali hiyo iliidhinishwa huko kwa maumivu ya goti.

Ikumbukwe kwamba kipenyezi hakichagui. Kilichofungulia diklofenaki njia chaweza kufungulia pia losheni au dawa ya kufukuza wadudu, na ndiyo sababu mtumiaji huambiwa angoje dawa ikauke kwanza.

Lipo pia tatizo la "kanda". Kwa wasemaji wengi kitenzi hiki hubeba pamoja kubonyeza kwa mkono na kutia joto kwa kitambaa cha maji moto. Maelezo ya jeli ya diklofenaki hukataza joto na bendeji isiyopitisha hewa, maana vyote viwili huweza kuongeza upenyaji kupita kiasi. Mfasiri aandike "paka taratibu", na kando yake, waziwazi: "usikande kwa maji moto."