FIGO ZETU NA KAZI ZAKE

Wengi wetu tukiumwa mgongo husema, "Figo hizo." Lakini figo inayoharibika mara nyingi haiumi kabisa, na hapo ndipo penye hatari.

Allah (S.W.) ametuumba na figo mbili, kila moja kiasi cha ngumi, nyuma ya tumbo, kandokando ya uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni 1. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja maji ya damu lita 180 hivi, sawa na madumu 9 ya lita 20. Wanaobeba maji kwa baiskeli wanaijua kazi hiyo! Karibu yote hurudi mwilini. Lita 1 hadi 2 tu hutoka kuwa mkojo. Figo pia husaidia kurekebisha shinikizo la damu, na huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Ndiyo maana mgonjwa wa figo huishiwa damu.

Maadui wakubwa wa figo ni kisukari na shinikizo la damu. Hapa Mpanda tunaona na jingine. Mzee mmoja, mzazi wa madrasa yetu na mkulima wa mpunga, kila akitoka bondeni alimeza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, miaka mingi. Nasi tulimpa pole na kumtuma mtoto dukani akamnunulie. Dawa za namna hiyo hupunguza damu iingiayo figoni, na aliyekaukiwa maji juani hudhurika zaidi. Alipovimba uso na miguu ndipo alipokwenda hospitali, figo zimekwisha kuchoka.

Zikishindwa kabisa, damu husafishwa kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, au mtu hupandikizwa figo ya ndugu yake. Muhimbili walianza kupandikiza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Kutoka Katavi huko ni mbali. Kupima shinikizo, sukari na mkojo ni hapa hapa.

Kuhusu funga, mgonjwa wa figo amuulize daktari kabla ya Ramadhani. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na kuipokea si udhaifu wa imani. Mzee wetu yule alikataa kwanza, akaona haya mbele ya wajukuu. Tulikaa naye baada ya Alasiri siku tatu. Mwaka huu hakufunga. Kila siku alilisha maskini mmoja.