Machicha ya Kahawa Si Mbolea Mpaka Yaoze

Wenzangu, sisi tunaokaa Kizimbani tumezungukwa na mashamba ya viungo, lakini machicha ya kahawa tunayochemsha usiku wa mitihani tunayamwaga mtaroni. Kisha tunatoa pesa kununua mbolea ya miche miwili mitatu ya pilipili nyuma ya nyumba.

Wapo wanaoyatia moja kwa moja kwenye mche, eti ni mbolea tayari. Sivyo. Machicha yana naitrojeni, kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake mkavu, ila bado imefungwa. Vijidudu vya udongo ndivyo vinavyoifungua, na vikiwa kazini huanza kula naitrojeni iliyokwishakuwemo ardhini. Mche unabaki na njaa. Tena tabaka nene likikauka hugandamana, maji hayapiti.

Basi yaozeshe kwanza:

1. Chukua ndoo kuukuu, itoboe chini.
2. Panga majani makavu ya mwembe au mshelisheli, maganda ya ndizi na ya muhogo, kisha machicha. Machicha yasizidi sehemu 1 kati ya 5.
3. Nyunyiza maji. Ukifumbata mkononi, iwe mbichi bila ya kuchuruzika.
4. Geuza kila wiki. Ikinuka vibaya, ongeza majani makavu.

Baada ya miezi kadhaa, ikiwa nyeusi na inanukia udongo, ni mboji. Ichanganye na udongo, ndipo upande.

Na sisi tunaosomea ualimu tuikumbuke ndoo hii. Skuli isiyo na maabara inaweza kufundisha uozaji kwayo, na mwanafunzi akauona kwa macho yake.