CHUMBA CHA KULALA SI GHALA

Somo letu la leo linahusu chumba cha kulala. Tutajifunza jinsi ya kukitengeneza kiwe chumba cha raha, kwa vitu ambavyo vingi vyake tunavyo hapa hapa kijijini.

Kwanza tufanye hesabu kidogo. Mtu anayelala saa 3 za usiku na kuamka saa 11 alfajiri amelala kwa muda wa saa 8. Siku moja ina saa 24. Kwa hiyo amelala theluthi moja ya siku nzima. Mtu huyo akifikisha umri wa miaka 60, miaka 20 ameimaliza chumbani akiwa amefumba macho.

Haya, sasa tuingie katika nyumba zetu tuone. Pamba ikishauzwa, fedha inakwenda sebuleni. Kwanza makochi, halafu meza, halafu vitambaa vya kufuma vya kufunikia makochi. Mgeni akija anasifu. Lakini pazia la chumbani halifunuliwi, maana tunaona haya. Nyuma ya pazia hilo magunia ya mahindi yamepangwa mpaka karibu na paa. Majembe, bomba la kupulizia pamba na chupa za dawa viko mvunguni. Dirisha hakuna, au lipo tundu lililozibwa kwa matambara. Kitanda kimelegea katikati kama machela. Watoto wawili wamelala chini kwenye mkeka, jirani na panya.

Mama akisema, "Baba watoto, mwaka huu tutoboe dirisha, tununue na chandarua," anajibiwa, "Mama watoto, nani anaingia humo zaidi yetu?" Sisi tunaona baba huyo amejijibu mwenyewe. Wanaoingia humo ni yeye, mkewe na watoto wake, kila usiku.

Tuanze kwa kutoa

Kazi ya kwanza haihitaji fedha. Toeni nje kila kitu kisichohusu kulala.

Dawa za mimea zitoke kwanza. Ziwekwe mbali na chakula, mahali penye kufuli, juu, mtoto asipofika. Kuna pia vidonge vya kufukizia nafaka. Vidonge hivi vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi yenye sumu kali. Gesi hiyo huua wadudu waliomo ndani ya gunia, na huweza kuua watu waliolala karibu na gunia hilo. Mahindi yaliyotiwa vidonge hivyo yasikae kabisa ndani ya nyumba wanamolala watu.

Mahindi ambayo hayakutiwa vidonge yawekwe katika kihenge. Tunajua mtasema habari za wezi. Ni kweli, mahindi yanaibiwa. Basi yakae sebuleni, na kochi moja lipishe.

Sakafu na kuta

Chumba kikishakuwa kitupu, tazameni nyufa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika chumba cha kulala ufa una ubaya mwingine, maana humo ndimo anamokaa papasi.

Papasi ni mdudu wa jamaa ya kupe. Mchana hujificha ndani ya nyufa za sakafu ya udongo, chini ya kuta na chini ya mikeka. Usiku hutoka, hunyonya damu ya mtu aliyelala, halafu hurudi alikotoka bila mtu kujua. Anaweza kuishi miaka kadhaa bila kula. Ndiyo sababu hata nyumba iliyohamwa muda mrefu inaweza kumpa homa mtu atakayelala humo. Homa ya papasi hupanda siku chache, ikashuka, mtu akadhani amepona, kisha ikarudi tena. Ni ya hatari sana kwa mama mjamzito, maana inaweza kuharibu mimba. Homa ya namna hiyo ipelekwe zahanati. Dawa yake ipo.

Mwaka 1905 daktari mmoja Mwingereza, Joseph Dutton, pamoja na mwenzake John Todd, walikuwa Kongo wakichunguza homa hii. Walionyesha kwamba anayeieneza ni papasi. Homa hiyo hiyo ilimshika Dutton, akafa huko huko Kongo mwaka huo huo.

Kwa hiyo chimbeni udongo wa kichuguu au udongo mwingine unaonata. Changanyeni na mchanga ili usipasuke ukikauka. Zibeni kila ufa, kisha siribeni kuta zote, na sakafu mpigilie mpaka iwe ngumu. Nyufa zikitokea tena, rudieni. Mwenye uwezo wa saruji, hata mifuko michache, tunamshauri aanzie sakafu ya chumbani kabla ya kufikiria baraza ya mbele.

Dirisha

Hewa ya chumba kilichofungwa huchoka, na ukuta wenye giza hubaki na unyevunyevu. Tobo la upana wa sentimeta 60 na urefu wa sentimeta 60 linatosha kuanzia. Fundi wa kijiji atatengeneza fremu na mlango wa mbao. Mkiweza, wekeni waya wa mbu. Asubuhi dirisha lifunguliwe, jua liingie mpaka kitandani.

Hapa tuseme jambo moja kwa sauti kubwa. Katika sehemu za baridi watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu. Hewa hiyo haionekani wala hainuki. Aliyelala haamki. Jiko la mkaa lisilale chumbani, hata likiwa limebaki makaa mawili. Ongezeni blanketi.

Kitanda

Kitanda cha kamba ni kitanda kizuri. Wengine wanakidharau siku hizi, lakini kikiwambwa vizuri hakina tabu, na hewa inapita chini. Kina matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, na vitakizo viwili, kimoja mchagoni na kimoja miguuni. Matendegu yawe marefu kiasi cha kuweza kufagia mvunguni bila shida. Kamba iwe ya mkonge, ya ukindu au ya makumbi ya nazi, kadiri ya mahali mnapokaa. Kamba mpya hulegea baada ya siku chache. Ikazeni tena. Maumivu mengi ya mgongo tunayosema ni ya jembe, mengine ni ya kitanda kilicholegea.

Kisogezeni kitanda mbali kidogo na ukuta, wadudu wasipate daraja. Na watoto nao wapate kitanda. Kama mbao ni ghali, fundi aunde cha miti. Mtoto kulala chini si adabu wala si malezi, ni kumsogeza tu kwa papasi.

Godoro la sufi mnaweza kushona wenyewe penye misufi. Anayenunua la dukani apime kitanda kwanza. Godoro na mito viende juani mara kwa mara. Kunguni wakiingia kwenye viungo vya kitanda, toeni kitanda nje, mmwagie maji yanayochemka katika kila tundu na kila fundo la kamba. Shuka na foronya zichemshwe siku hiyo hiyo, la sivyo kazi itakuwa ya bure.

Chandarua

Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, watu wakiwa wamelala. Kuanzia mwaka 1997, watafiti wa Ifakara walifuatilia watoto katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro. Waliona kwamba kwa watoto wa kuanzia mwezi 1 mpaka miaka 4, waliotumia chandarua chenye dawa, uwezekano wa kubaki hai uliongezeka kwa asilimia 27. Makochi hayana hesabu ya namna hiyo.

Chandarua kipya chenye dawa kitundikwe kivulini siku moja kabla ya kukitumia. Pindo zake zichomekwe chini ya godoro au chini ya mkeka. Kifuliwe kwa sabuni ya mche, kikaushwe kivulini, kwa sababu jua kali huharibu dawa. Kikitoboka, kishoneni. Koroboi au mshumaa visikaribie kabisa, maana chandarua hushika moto upesi. Mwenye taa ndogo ya nguvu ya jua aitumie hiyo.

Kupamba

Sasa chumba kiko tayari kupambwa. Pakeni kuta chokaa. Ichungeni, iloweni usiku mzima, itieni chumvi mkono mmoja ili ishike, na iwe nyepesi kama uji wa mgonjwa. Ukuta ulowanishwe kwanza. Pakeni mara mbili au tatu, nyembamba nyembamba. Chungeni macho, chokaa inaunguza. Ukuta mweupe huongeza mwanga hata wa taa ndogo, na mdudu anayetambaa huonekana.

Watu wa Lamu katika nyumba zao za mawe walijenga vidaka ukutani, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo na mapambo. Hata katika ukuta wa matofali ya udongo mnaweza kuacha kidaka kimoja, cha taa, miwani na gazeti hili. Pazia liwe kanga au kitenge. Karibu na kitanda tandikeni mkeka wa rangi uliosukwa na mama wa nyumba, mkiamka mkanyage kitu kizuri. Nguo zitundikwe kwenye kamba au misumari, zisirundikwe juu ya kitanda.

Zoezi

Kabla ya kwenda dukani, pimeni kitanda chenu mkaandike. Futi 1 ni karibu sentimeta 30. Karatasi iliyobandikwa kwenye chandarua inasema: upana sentimeta 160, urefu sentimeta 180. Je, kitatosha kitanda cha futi 4 kwa 6? Na cha futi 6 kwa 6?