Kompyuta Kuukuu ya Michezo: Kutafuta Kiungo Kinachochelewesha

Kompyuta ya michezo inapozeeka, fedha kidogo zilizopo hupotea bure endapo kifaa kipya kitanunuliwa bila uchunguzi. Yafaa kwanza kitambuliwe kiungo kinachovichelewesha vingine.

Diski ya sumaku izungukayo mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Kwa hiyo data husubiriwa nusu ya muda huo kwa wastani, yaani milisekunde 4.2, mbali na muda wa kusogeza kichwa cha kusomea. Diski isiyozunguka haina kungoja huko. Hata hivyo, mchezo hufunguka upesi tu. Idadi ya picha kwa sekunde haiongezeki sana, kwani hiyo hutegemea prosesa na kadi ya picha.

Jaribio: Nukta za picha zipunguzwe kutoka 1,920 × 1,080 hadi 1,280 × 720. Idadi ya picha kwa sekunde ikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyolemewa. Isipoongezeka, huenda prosesa ndiyo inayochelewesha, na kadi mpya haitasaidia.

Zoezi: Tafuta wastani wa kungoja kwa diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika.